Namna ya Kusoma Fasihi ya Kiingereza Ukiwa Lubumbashi: Shairi, Riwaya na Tamthilia

Mwanafunzi anayeingia idara ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi kwa kawaida amesoma sekondari yote kwa Kifaransa, anazungumza Kiswahili nyumbani na sokoni, na Kiingereza amekutana nacho saa chache tu kwa wiki, zaidi katika sarufi na vifungu vifupi vya kujibu maswali. Mara anatakiwa asome soneti za Shakespeare, yaani mashairi yake ya mishororo 14, na riwaya za Achebe, mwandishi wa Nigeria. Wengi hukimbilia silabasi ya profesa, yaani yale makaratasi ya maelezo yanayotolewa fotokopi, wakayakariri, wakafaulu mtihani, na kitabu chenyewe wasikifungue hata siku moja. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: kazi yenyewe inasomwa kwanza, kwa sauti na kalamu ikiwa mkononi, na maelezo ya watu wengine yanakuja mwisho. Unamfaa mwanafunzi wa chuo, mwalimu wa sekondari, na hata mtu aliyeko kazini Kampemba au Katuba anayejisomea jioni bila kusubiri cheti.

Hatua ya kwanza: kupata kitabu kamili

Kwa kazi za zamani huna haja ya kutoa hata faranga moja. Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, inatoa bure vitabu ambavyo muda wa haki zake umekwisha, na humo utawapata Shakespeare, Blake, Austen, Dickens na Conrad. Usisomee mtandaoni; pakua faili la maandishi matupu au la epub, kwa sababu likishaingia kwenye simu halili tena megabaiti, na umeme ukikatika simu iliyochajiwa mchana itakufikisha usiku. LibriVox, iliyoanza mwaka 2005, inatoa bure rekodi za sauti za vitabu hivyohivyo, zilizosomwa na watu wa kujitolea. Wasomaji hao hawalingani, kwa hiyo sikiliza dakika mbili kabla ya kupakua kazi nzima.

Waandishi wa karne ya 20 wengi bado wanalindwa na haki zao, na vitabu vyao hununuliwa au huazimwa. Hapa Lubumbashi ina bahati ambayo miji mingi ya Kongo haina: ukivuka Kasumbalesa umeingia Zambia, nchi ambayo Kiingereza ndiyo lugha yake rasmi, na ndugu au mfanyabiashara anayekwenda Kitwe au Ndola anaweza kuagizwa kitabu kama anavyoagizwa bidhaa nyingine. Mwambie tu ahakikishe si nakala iliyofupishwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha, maana nakala hizo zina jalada zuri na jina lilelile, lakini sentensi za mwandishi zimeondolewa na kubaki kisa tu. Kwa Things Fall Apart ya Achebe kipimo ni rahisi: kitabu kamili kina sehemu tatu na sura 25. Ukiona sura 10, umeuziwa kitu kingine.

Hatua ya pili: kupanga utaratibu wa kusoma

Programu za vyuo mara nyingi hufuata historia, kuanzia kazi za kale kuja za leo. Kwa anayejisomea nashauri kinyume chake. Anza na Achebe, ambaye riwaya yake ya mwaka 1958 ina sentensi fupi, methali nyingi na ulimwengu ambao msomaji wa Kiafrika haingii kama mgeni. Kisha Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya mwaka 1964. Kisha mashairi mafupi ya Blake. Ndipo uende kwa Shakespeare. Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, mwache hadi umeshazoea, kwa sababu Kiingereza chake kinawashinda hata Waingereza wenyewe bila maelezo ya pembeni.

Watu wa hapa huniuliza kuhusu Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 2014 na kutafsiriwa kwa Kiingereza na Roland Glasser mwaka 2015. Ni riwaya ya kujivunia, na kuisoma kwa lugha zote mbili, ukurasa kwa ukurasa, ni zoezi kubwa kwa anayetaka kuwa mfasiri. Kuanza nayo, hata hivyo, sishauri: sentensi zake ndefu zinazokatizwa na sauti za watu wengi zitamchosha mtu ambaye hajazoea riwaya ya Kiingereza.

Kuhusu kamusi, tumia ya Kiingereza kwa Kiingereza, na usiifungue kwa kila neno. Weka nukta ya penseli chini ya neno usilolijua, endelea hadi mwisho wa ukurasa, kisha rudi. Utakuta sehemu kubwa ya maneno yameshajieleza yenyewe kutokana na sentensi zinazoyazunguka, na yaliyobaki ndiyo yanayostahili kuandikwa kwenye daftari, pamoja na sentensi yake nzima.

Hatua ya tatu: shairi

Hapa ndipo tutakapokaa, kwa sababu anayeweza kusoma shairi la mishororo 14 vizuri ameshapata ujuzi ambao riwaya na tamthilia zitamdai.

Jambo la kwanza ni sikio. Msomaji wa Lubumbashi anakuja na desturi mbili za ushairi, na zote mbili zinahesabu silabi. Shairi la kimapokeo la Kiswahili lina mizani 16 katika mshororo, nane upande mmoja na nane upande wa pili, na vina vinavyolingana katikati na mwishoni. Mshororo maarufu wa Kifaransa, ule tuliofundishwa sekondari, una silabi 12 na pumziko baada ya ya sita. Kiingereza hakitosheki na hesabu ya silabi: kinasikiliza mkazo. Mkazo wa Kiswahili karibu daima unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na wa Kifaransa unaangukia mwisho wa kifungu, lakini katika Kiingereza kila neno lina mahali pake pa mkazo, na mshairi hujenga wimbo wake juu ya mahali hapo. Ndiyo sababu mwanafunzi wetu anaweza kusoma soneti kwa silabi zote kumi bila kosa na bado wimbo usisikike, kwa kuwa amezitamka zote kwa uzito mmoja.

Chukua soneti ya 73 ya Shakespeare, mojawapo ya 154 zilizochapishwa mwaka 1609. Inakili kwa mkono, yote, kwenye ukurasa wa peke yake, na uache nafasi kati ya mishororo. Kunakili kunamlazimisha mtu kuona kila alama ya kituo, jambo ambalo jicho linaloteleza juu ya skrini halilifanyi. Mshororo wa kwanza ni huu:

That time of year thou mayst in me behold

Gonga meza kwa kidole kwenye time, year, mayst, me na hold. Umegonga mara tano, na kati ya kila pigo kuna silabi nyepesi moja. Huo ndio mwendo wa kawaida wa soneti za Kiingereza: silabi kumi, mikazo mitano, nyepesi ikitangulia nzito. Rudia mpaka kidole kigonge bila kufikiri. Ukishauzoea mwendo huo, utaanza kusikia pale mshairi anapouvunja, na pale panapovunjika ndipo penye la kusema. Mshororo wa nne unafungua kwa Bare ruined choirs: maneno matatu mazito yamebanana mwanzoni, bila nafasi ya kupumua, na msomaji analazimika kwenda taratibu mbele ya picha ya kanisa lililobaki magofu.

Baada ya sikio, soma neno kwa neno. Mshororo wa pili unasema:

When yellow leaves, or none, or few, do hang

Mwulize mtu yeyote mpangilio wa majani yanayopukutika, atakwambia: mengi ya manjano, kisha machache, kisha hakuna. Shakespeare ameweka "hakuna" kabla ya "machache". Kwa nini? Kaa na swali hilo kabla ya kutafuta jibu la mtu mwingine. Unaweza kusema kwamba msemaji, ambaye anajilinganisha na mti unaozeeka, amekubali kwamba amekwisha, kisha akarudi nyuma kidogo, akaona bado ana majani machache. Unaweza pia kusema anajirekebisha mbele ya mtu anayempenda, kwa kuwa shairi zima linazungumza naye. Majibu yote mawili yanakubalika mradi yanatoka kwenye mpangilio wa maneno yale, na mwanafunzi aliyeuona mpangilio huo ameshampita yule aliyeandika tu kwamba shairi hili linahusu uzee.

Jambo la tatu ni majira. Sisi tunaoishi katika nchi ya miombo tunajua miti inayopukutisha majani: kiangazi kinapokaribia mwisho matawi yanabaki wazi, lakini mara nyingi majani mapya, mengine mekundu kama moto, yanachipua kabla mvua hazijaanza. Kwetu tawi lililo wazi ni dalili kwamba joto limefika na mvua ziko njiani. Kwa Mwingereza wa karne ya 16 tawi hilo lilimaanisha baridi ya miezi, giza linaloingia saa kumi jioni, na chakula cha akiba. Msomaji wa hapa asipolijua hilo atalisoma shairi kama habari ya matumaini, na atapotea. Kila unapokutana na majira katika shairi la Kiingereza, andika pembeni: huko mwezi huo kunakuwaje? Fanya hivyo hata kwa soneti ya 18, inayomlinganisha mpendwa na siku ya majira ya joto, maana joto la Uingereza ni la upole na la kutamaniwa, wala halifanani na Oktoba yetu ya vumbi na jua kali.

Mwisho, tazama umbo. Soneti hii ina vifungu vitatu vya mishororo minne na kimoja cha miwili. Cha kwanza kina mwaka unaokwisha, cha pili siku inayokuchwa, cha tatu moto unaozimika juu ya majivu yake. Muda unafinywa kifungu baada ya kifungu, na mishororo miwili ya mwisho inamgeukia msikilizaji. Jaribu kupanga upya vifungu hivyo, moto uanze na mwaka ufuate mwisho, halafu usome tena, utaona kilichoharibika. Zoezi hilo la kuharibu kwa makusudi linafundisha umbo kuliko maelezo yoyote ya silabasi.

Mashairi ya kisasa yasiyo na vina yanasomwa kwa njia hiyohiyo, ila swali linabadilika: badala ya kuuliza mwendo umevunjika wapi, unauliza kwa nini mshororo umekatwa hapo ulipokatwa.

Hatua ya nne: riwaya

Riwaya haiwezi kusomwa kwa ukaribu huo kutoka mwanzo hadi mwisho, na anayejaribu atakwama sura ya tatu. Isome mara mbili. Mara ya kwanza nenda kwa mwendo wa kisa, sura moja au mbili kwa siku, na kila sura iandikie mambo matatu tu katika daftari: kilichotokea, nani anasimulia na anajua kiasi gani, na sentensi moja iliyonakiliwa pamoja na ukurasa wake. Mara ya pili rudi kwenye sura nne au tano ambazo daftari lenyewe linakuonyesha kuwa nzito.

Mfano mzuri uko katika sura ya kwanza ya Things Fall Apart. Okoye anamtembelea Unoka, baba yake Okonkwo ambaye ndiye mhusika mkuu, kudai kauri 200, zile simbi zilizotumika kama pesa. Hadai mara moja. Kwanza kuna kola, lile tunda la kumkaribishia mgeni, kuna mazungumzo ya afya na mvua, kisha methali moja baada ya nyingine, na deni linatajwa mwishoni. Yeyote aliyewahi kwenda kudai pesa kwa jirani anaielewa adabu hiyo bila kufundishwa. Unoka anacheka sana, halafu anamwonyesha ukutani mistari ya chaki, ambayo kila mmoja ni kauri 100, na kueleza kwamba atalipa kwanza madeni makubwa. Mara ya kwanza unacheka pamoja naye. Mara ya pili, ukijua Okonkwo atakuwa mtu wa namna gani na kwa nini anaogopa kuonekana dhaifu, kicheko hicho kinabadilika, na unaelewa kwa nini Achebe amekiweka mlangoni mwa kitabu.

Swali la nani anasimulia ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, na kwa Mkongomani kitabu cha kulifanyia kazi ni Heart of Darkness ya Conrad. Conrad alifika Kongo mwaka 1890 na kupanda mto kwa meli hadi Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani. Riwaya ilitoka jaridani mwaka 1899 na katika kitabu mwaka 1902, na ndani yake jina la Kongo halitajwi mahali popote. Anayesimulia safari ni Marlow, lakini maneno yake tunayapata kupitia msimulizi mwingine asiye na jina, aliyekaa naye katika chombo kwenye mto Thames. Chora mistatili miwili, mmoja ndani ya mwingine, uandike nani yuko katika upi. Kisha hesabu ni mara ngapi Waafrika wa riwaya hiyo wanapewa maneno ya kusema. Utapata machache mno. Ukishahesabu mwenyewe ndipo usome mhadhara alioutoa Achebe Marekani mwaka 1975, ambamo alimshutumu Conrad kwa ubaguzi wa rangi. Wapo wahakiki wanaomtetea Conrad kwa hoja kwamba maoni ni ya Marlow, si yake. Mabishano hayo bado hayajaisha, na mtu ambaye ardhi yake ndiyo iliyosimuliwa ana haki kamili ya kuingia humo, ilimradi awe amesoma kurasa zenyewe.

Sura ya mwisho ya Achebe iweke kando ya Conrad. Katika aya ya mwisho kabisa macho yanahama kutoka kwa watu wa Umuofia, jamii ya Okonkwo, na kuingia katika kichwa cha Mkuu wa Wilaya wa kikoloni, ambaye anapanga kitabu chake na kuona kwamba habari ya Okonkwo inaweza kumpatia aya moja.

Hatua ya tano: tamthilia

Tamthilia iliyosomwa kimya imesomwa nusu. Kusanyeni watu wanne au watano, mgawane wahusika, na msome onyesho moja kwa kikao kimoja mkiwa mmesimama. Mji uliozoea vichekesho vya kundi la Mufwankolo hauhitaji kuelezwa kwamba maneno ya jukwaani hubadilika kufuatana na anayeyasema, anayeyasikia na aliyesimama karibu akijificha.

Anzeni na Julius Caesar, kwa sababu kuna msaada ambao tamthilia nyingine nyingi hazina: Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili, na tafsiri yake ilitoka mara ya kwanza mwaka 1963. Isomeni baada ya Kiingereza, si kabla. Onyesho la kukaa nalo ni la pili katika tendo la tatu, baada ya Kaisari kuuawa. Brutus, mmoja wa waliomuua, anauhutubia umati kwa nathari iliyopangwa kwa mizani ya akili. Antony, rafiki wa Kaisari, anafuata kwa ushairi, na anarudia tena na tena kwamba Brutus ni mtu wa heshima, mpaka sifa inageuka tusi. Msomaji wenu aseme sentensi hiyo kila mara kwa sauti tofauti, na wengine mnyanyue mkono pale mnapoona umati ungegeuka. Hamtakubaliana, na kila mmoja atalazimika kurejea kwenye mshororo wake kujitetea.

Angalieni pia thou na you. Waliosoma Kifaransa wanaelewa haraka, kwa kuwa tofauti yake inakaribia ile ya tu na vous: mhusika anayehama kutoka moja kwenda nyingine akizungumza na mtu yuleyule anaonyesha mapenzi, hasira au dharau bila kuitaja.

Kwa tamthilia ya kisasa chagueni Death and the King's Horseman ya Wole Soyinka, ya mwaka 1975, iliyotokana na tukio la Oyo, Nigeria, la miaka ya 1940. Msiruke dibaji. Humo Soyinka anakataa waziwazi igizo lake kuelezwa kama mgongano wa tamaduni mbili, na bado insha nyingi za wanafunzi huanza na maneno hayohayo aliyoyakataa.

Hatua ya sita: kuandika

Shule zetu zimetufundisha insha ya Kifaransa yenye hoja, kinyume chake, na mapatano ya hizo mbili. Ni mafunzo mazuri ya akili, lakini insha ya fasihi ya Kiingereza kwa kawaida inataka dai moja linalotetewa mpaka mwisho, na pingamizi linajibiwa njiani badala ya kupewa sehemu yake. Dai lenyewe liwe kitu ambacho msomaji mwenye akili anaweza kukikataa. "Shairi hili linahusu kifo" halikataliki, kwa hiyo halina kazi. "Msemaji wa soneti ya 73 anajitangaza kuwa amekwisha kuliko anavyoamini" ni dai, kwa sababu linahitaji ushahidi, na ushahidi unao: "hakuna" kabla ya "machache".

Kila aya ijengwe hivi: sema unachodai, toa nukuu fupi, kisha tumia sentensi nyingi zaidi kueleza nukuu kuliko ulizotumia kuifikia. Nukuu ya maneno matatu inayoelezwa kwa mistari sita ina nguvu kuliko ya mistari sita inayofuatwa na nukta. Usisimulie kisa, anayesahihisha amekisoma. Wahakiki waingie katika rasimu ya pili, ukishajua unachofikiri, na waje kama watu wa kujibizana nao, jina la kila mmoja likitajwa.

Rasimu ikikamilika, fungua tena kitabu na ulinganishe kila nukuu herufi kwa herufi, pamoja na namba ya sura, au ya tendo, onyesho na mshororo. Kwa Shakespeare taja pia toleo ulilotumia, maana namba za mishororo hutofautiana kati ya wachapishaji, hasa pale penye nathari.